Mguu Usiosikia

(Mazungumzo ya redio)

  

Leo tungependa tuanze na neno moja la Kiswahili chetu, neno kusikia. Sisi watu wa pwani husema tumesikia adhana, tumesikia kengele ya kanisa. Lakini pia husema tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Kumbe kwetu sisi mwili mzima una masikio. Ngozi yasikia, kidole chasikia, na unyayo nao wasikia. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na darubini, lakini walisema kweli ambayo waganga na wataalamu wameithibitisha baadaye.

Haya, tutembee pamoja kidogo. Tuseme unatoka nyumbani kwako Bondeni asubuhi, unapita vichochoroni kuelekea Barabara ya Digo, unakwenda Marikiti kununua nazi na viungo. Njiani unyayo wako unafanya kazi ambayo huifikirii. Unapima kama chini ni mchanga, saruji au lami. Unajua kwamba jua la Kaskazi limekwisha kuipasha moto njia. Unatambua changarawe iliyoingia katika ndara. Habari hizi zote zinapokelewa na ncha ndogo sana zilizotawanyika katika ngozi. Kila namna ya ncha ina kazi yake: nyingine husikia kuguswa kwa wepesi, nyingine kugandamizwa, nyingine mtetemeko, nyingine joto, nyingine baridi, na nyingine hatari ya kuumia. Kutoka kwenye ncha hizo habari husafiri katika mishipa ya fahamu, ambayo ni kama nyuzi za simu, hadi kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko hadi kwenye ubongo.

Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo ni jozi 31, na inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo ni jozi 12. Kutoka hapo hugawanyika matawi na vitawi mpaka ncha za vidole. Uzi mmoja unaotoka kwenye kidole gumba cha mguu mpaka kwenye uti wa mgongo waweza kuwa na urefu wa mita moja na zaidi, nao ni sehemu ya chembe moja tu hai, nyembamba kuliko unywele. Mtunga Zaburi, katika sura ya 139, alimshukuru Mungu kwa jinsi alivyoumbwa kwa namna ya ajabu. Sisi tulio na habari hizi yatupasa kushukuru mara mbili.

Sasa tuseme umekanyaga kigae cha chupa. Mguu hauketi kungoja shauri kutoka makao makuu. Habari ikifika tu kwenye uti wa mgongo, amri hurudi palepale kwenye misuli ya paja, na mguu huinuka kabla ubongo haujatambua kwamba umeumia. Na si hivyo tu. Amri nyingine huenda kwenye mguu wa pili, nao hukaza mara moja kuubeba mwili wote, usije ukaanguka. Mguu mmoja waumia, na mwenzake anasimama imara kwa ajili yake. Tafadhali lishikeni jambo hili, maana tutalirudia.

Tena, kila mtu aliyepata kujikwaa kwenye kizingiti cha mlango ajua kwamba uchungu huja mara mbili. Kwanza hupita mchomo mkali upesi, kisha, baada ya muda kama wa kuvuta pumzi, huja uchungu mwingine wa kuwaka polepole unaodumu. Sababu yake ni kwamba nyuzi ziko za namna mbili. Za kwanza zimevikwa ganda la mafuta, nazo hupeleka habari mbio. Za pili hazina ganda hilo, na habari yake husafiri mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ule mchomo wa kwanza hutuambia, ondoa mguu. Uchungu wa pili hutuambia, sasa keti, tazama jeraha, ulitunze. Watu wengi huitikia sauti ya kwanza na kuipuuza ya pili.

Hata pilipili mnazozipima Marikiti zimewafundisha wataalamu. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake, walitafuta kwa nini pilipili huwasha. Waligundua mlango mdogo sana katika ncha za mishipa ya fahamu, mlango unaofunguliwa na ule ukali wa pilipili, na mlango huohuo hufunguliwa na joto linalokaribia kuunguza, lipatalo nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana ulimi ulioonja pilipili husema moto, hali hakuna moto. Mtaalamu mwingine, Ardem Patapoutian, aliyezaliwa Beirut, pamoja na wenzake waligundua milango inayofunguliwa na mgandamizo wa kuguswa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya uganga mwaka 2021.

Wapenzi wasikilizaji, pengine mtu atasema, yote haya ni mema, lakini mimi ningefurahi zaidi kama Mungu angeniondolea uchungu kabisa. Basi na tuwatazame watu walioondolewa uchungu, tuone kama walipata raha.

Ugonjwa wa ukoma unajulikana tangu zamani katika pwani yetu. Msambweni, kusini ya Mombasa, palikuwa na mahali pa kuwatunza wagonjwa wake, na magharibi ya Kenya palikuwa na Alupe, karibu na Busia. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba ni laana, au ni damu mbaya ya ukoo. Mwaka 1873 mganga wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, alikionyesha kijidudu kinachouleta. Hata hivyo watu waliendelea kudhani kwamba kijidudu hicho ndicho kinachokula vidole mpaka vikaanguka.

Alikuwako daktari mpasuaji jina lake Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 kwa wazazi wamisionari Waingereza, akafariki mwaka 2003. Alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, huko India. Yeye alitazama mikono ya wagonjwa kwa makini akaona jambo ambalo wengi hawakuliona. Vidole havikuoza vyenyewe. Kijidudu hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, kama mikono, miguu, pua na masikio, na huko huishambulia mishipa ya fahamu. Mshipa ukifa, sehemu ile haisikii tena. Mgonjwa hushika sufuria ya moto wala asijue. Hutembea juu ya msumari siku nzima. Jicho nalo husahau kupepesa, likakauka, na mwishowe likapofuka. Hata baadhi ya wagonjwa waliamka asubuhi wakakuta kidole kimepungua, na hakuna aliyejua sababu, mpaka usiku mmoja ilipoonekana kwamba panya ndio waliokuwa wakija kuwatafuna usingizini. Baada ya hapo wagonjwa waliorudi makwao walipewa paka wa kulala nao. Sisi tulio na paka kila baraza ya Mji wa Kale na Bondeni, pengine hatukupata kufikiri kwamba paka aweza kuwa mlinzi wa vidole vya mtu.

Daktari Brand na wenzake walijaribu hata kutengeneza mtambo wa kuwapa wagonjwa ishara mahali pa uchungu. Haukufaulu. Ishara ilipolia wakati mgonjwa anataka sana kumaliza kazi yake, aliuzima mtambo, akaendelea kujiumiza. Ndipo daktari huyo alipozidi kumshukuru Mungu kwa uchungu, akisema kwamba ni zawadi, ijapokuwa ni zawadi ambayo hakuna anayeitaka.

Na tuseme wazi, kusudi hofu ya zamani isirudi: ukoma siku hizi unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja; siku hizi hutumiwa kwa miezi 6 au 12, na dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena wenzake baada ya muda mfupi. Wagonjwa wachache bado huonekana nchini, na pwani ni mojawapo ya sehemu ambako huonekana. Ukiona baka katika ngozi lisilosikia kuguswa, usilifiche, nenda hospitali mapema kabla mshipa haujafa.

Lakini katika mitaa yetu leo, aletaye ganzi kwa watu wengi zaidi ni mwingine, naye ni ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, huiharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote. Kwa hiyo ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Wengine husikia kwanza kama sindano au moto wakati wa usiku, kisha uchungu ukaondoka, nao wakafurahi wakidhani wamepona. Kumbe uchungu haukupona, umenyamaza. Mishipa ile inayotoa jasho nayo huharibika, ngozi ikakauka na kupasuka, na ufa ukawa mlango wa vijidudu.

Tumfikirie mama mmoja, mwenye meza yake ya mahamri na viazi karai katika kichochoro cha Bondeni. Ana sukari miaka 12. Kutwa husimama mbele ya jiko la makaa, ndara miguuni. Jioni mjukuu anasugua sakafu, anaona alama nyekundu kutoka mlangoni mpaka kitandani.

"Nyanya, mbona unakanyaga damu?"

"Damu ya nani, mwanangu? Mimi siumwi."

Anainua mguu, na huko chini kuna msumari mdogo wa kiatu, umepenya ndara na kuingia katika nyama, na hakuna ajuaye umekaa humo tangu lini. Wenzake wangelia asubuhi ileile. Yeye hakulia. Wengi huishia kukatwa mguu kwa jeraha dogo kama hilo, na jeraha lenyewe halikuwauma hata kidogo. Bahati ya mama huyu ni mjukuu mwenye macho. Kesho yake mtoto anakwenda naye zahanati, wala hakubali neno lile la "acha, litapona lenyewe". Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa twaweza kuongeza kwamba guu lisilosikia lahitaji mtu wa kulisikilizia.

Basi, enyi mlio na sukari, na ninyi mnaowauguza, yashikeni haya machache. Tazameni miguu kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au amwombe mtu wa nyumbani. Kung'uteni kiatu kabla ya kukivaa, na mpitishe mkono ndani. Msitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine asiye na ganzi, wala msiote miguu karibu na jiko. Msikate sugu kwa wembe. Pakeni mafuta ngozi isipasuke, lakini si katikati ya vidole. Katika kliniki mwulizeni mganga aupime mguu kwa uzi wa nailoni. Ni kipimo cha dakika chache, hakina uchungu, nacho huonyesha ganzi mapema. Mkiona jeraha, hata kama haliumi, na hasa kama haliumi, nendeni upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu wapenzi, mtume Paulo aliijua ganzi ya namna nyingine. Katika Waefeso sura ya 4, mstari wa 19, anawataja watu waliojitia katika uchafu, na Biblia yetu ya Kiswahili yatumia neno hilohilo, ganzi. Katika Kiyunani neno alilolitumia lina maana ya kuacha kusikia uchungu. Na katika 1 Timotheo 4:2 asema juu ya dhamiri zilizochomwa kwa chuma cha moto. Kila aliyewahi kuungua sana ajua maana yake: mahali palipoungua mpaka ndani hapasikii tena.

Tena ganzi ya moyo haiji kwa siku moja. Ukivaa kanzu au leso asubuhi, baada ya muda mfupi huisikii tena mwilini, ingawa ipo. Mishipa ya kuguswa imeumbwa hivyo, izoee, ili tusisumbuliwe na kila kitu. Lakini ya uchungu haizoei kwa wepesi namna hiyo, maana Mungu hakutaka tuizoee hatari. Je, rohoni si twafanya kinyume? Uongo wa kwanza ulituchoma. Wa pili ulituwasha. Wa kumi hatukuusikia. Mtoto wa jirani aliyeanza kutumia dawa za kulevya, siku ya kwanza mtaa mzima ulishika kichwa. Leo amelala barazani kwetu, nasi twaruka miguu yake tukienda kununua mkate. Hatukumpiga wala hatukumtukana. Tumemzoea tu. Na hiyo, wapenzi, ndiyo ganzi.

Paulo atufundisha katika 1 Wakorintho 12 kwamba sisi tu mwili mmoja wenye viungo vingi, na kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja nacho. Mkumbuke ule mguu wa pili. Mwenzake alipochomwa, haukuuliza kwanza, ni kosa la nani? Mbona hakutazama njia? Ulikaza, ukaubeba mwili, na maswali yakaja baadaye. Kanisa lililo hai hufanya hivyo. Na mtaa ulio hai hufanya hivyo, maana Bondeni yetu ni ya Wakristo na Waislamu pamoja, na msiba ukiingia nyumba moja, sufuria hutoka nyumba zote. Kanisa lisilosikia uchungu wa mjane aliye katika kiti cha nyuma, lisijisifu kwamba lina amani. Mguu wa yule mama nao ulikuwa na amani, na msumari ulikuwa ndani.

Labda yuko msikilizaji asemaye, mimi nimekufa ganzi zamani, nifanyeje? Twakujibu kwa mambo mawili. La kwanza, fanya kama afanyavyo mwenye sukari mwenye busara. Haungojei mguu wake umwambie, anautazama kila jioni kwa nuru. Nawe kila jioni keti mbele za Mungu na Neno lake, utazame siku yako pande zote, hata mahali pasipouma. Tena uwe na mtu mmoja wa kukutazamia unyayo, mke au mume, rafiki, mchungaji, na akikuambia kuna damu, usimkemee.

La pili ni kubwa zaidi. Katika Marko sura ya 1 twasoma habari za mtu mwenye ukoma aliyemjia Yesu na kupiga magoti. Jina hilo katika Biblia lilitumika kwa magonjwa kadha wa kadha ya ngozi, lakini vyovyote ugonjwa ulivyokuwa, sheria ilimtenga mtu yule, wala hakuna aliyethubutu kumgusa. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, akiwa mbali. Lakini alimhurumia, akanyosha mkono, akamgusa. Wataalamu wa siku hizi wametuambia kwamba katika ngozi yetu zimo nyuzi za polepole ambazo huitikia hasa mkono unaopapasa kwa upole. Mungu aliyeziweka alijua kwamba mtu ahitaji dawa, na ahitaji pia kuguswa. Ngozi ile ambayo kwa muda mrefu haikujua mkono wa mtu, mkono wa kwanza ulioijia ulikuwa wa Bwana.

Basi juma hili tuombe tupewe tena kusikia. Ni ombi gumu, maana mshipa ukianza kuamka huuma kwanza, kama mguu uliolaliwa unaporudiwa na damu. Usiogope uchungu huo. Pengine yuko mgonjwa mtaani kwenu ambaye watu humsalimu kutoka mlangoni. Ingia. Keti. Mshike mkono.

Na tuombe. Ee Bwana uliyeiumba miili yetu kwa hekima, twakushukuru hata kwa uchungu utulindao. Uwaangalie wote wenye ganzi ya miguu na mikono, uwape watu wa kuwatazamia. Uiamshe mioyo yetu iliyozoea, tusikie wewe usemapo, na tusikie jirani aliapo. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini, na Mungu awabariki.